Bibi wa Nyumba ya Saba

Kule Sapiwi hapakuwa na mtu aliyeoa wala kuolewa kabla Lukresia hajahesabu. Mahari ingeweza kukubaliwa, pombe ikapikwa, hata ng'ombe wakaswagwa mpaka mlangoni. Kama Lukresia hajakaa mkekani na konzi yake ya mbegu za pamba, hiyo haikuwa harusi, yalikuwa mazungumzo. Kazi yake ilikuwa kutafuta undugu. Mbegu ya kwanza mzazi, ya pili bibi, ya tatu mama wa bibi, mstari mmoja upande wa mwanamume na mwingine upande wa mwanamke, akipanda hivyo mpaka mistari ikutane kwa mtu mmoja, au mpaka aridhike kwamba haikutani. Kila mbegu waliiita nyumba. Mistari ikikutana nyumba ya saba au zaidi, watu na waoane, Mungu awabariki. Ikikutana ya sita au chini yake, hao ni ndugu, na kila mmoja achukue baiskeli yake arudi kwao.

Kazi hiyo aliirithi kwa bibi yake, Nyanjige, na aliifanya kwa kiburi. Watu wa ofisini walikuwa na mafaili yao yanayoliwa na mchwa. Yeye alikuwa na kichwa. Ukimbishia jina la bibi yako mwenyewe alikukata jicho, na aghalabu ilikuwa wewe uliyekosea.

Sasa mwaka ule makampuni ya watu binafsi yalianza kununua pamba, ushirika ukabaki unapiga miayo. Kampuni moja ilileta karani wa mizani, kijana mpole mwenye kalamu mbili mfukoni, jina lake Kristofa. Mizani yake haikuwa na neno, ila kila Milembe alipopeleka mzigo alichelewa kurudi. Milembe alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake Lukresia. Lukresia, ambaye hakujaliwa kuzaa, alimlea tangu ananyonya, na binti hakujua mama mwingine. Barua ya posa ilipofika, Lukresia aliifungua kwa furaha ya mama yeyote. Ikaanza hivi: "Mimi Kristofa, mwana wa Anatoli, wa Migato."

Aliusoma mstari ule mara tatu. Kisha akaikunja barua, akaenda kukamua ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa.

Huyo Anatoli alimjua. Miaka arobaini nyuma, Lukresia akiwa na miaka kumi na minane, Anatoli ndiye aliyekuja kumposa, naye Lukresia alimpenda mpaka chakula hakipiti. Siku ya kuhesabu, Bibi Nyanjige alimsogezea mbegu mbele ya wazee, akasema, "Hesabu wewe, nikuone." Lukresia akahesabu. Nyumba ya tano, mistari ikakutana kwa mwanamke mmoja aliyeitwa Ndatulu. Mambo yakaishia hapo. Anatoli akahamia Migato. Lukresia akaja kuolewa na mtu mwema ambaye hakumpenda wala kumchukia, akamzika, akaendelea na mbegu zake.

Kwa hiyo hesabu ya Milembe haikuhitaji hata mkeka. Kizazi kimoja kimeshuka kila upande: ile tano imekuwa sita. Alihesabu tena peke yake ndani, mlango umefungwa, akitumaini kwamba uzee umemchezea. Sita. Jumamosi watu wa Migato wangekuja, naye angesema mbele yao, "Hawa ni ndugu." Na Milembe angejibu, "Haya, mayu," yaani sawa, mama. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Angekuwa na binti mkaidi angejua atagombana naye, atalia, labda atatoroka. Milembe asingetoroka. Angekubali, akae hapo nyumbani akikubali mpaka nywele ziwe nyeupe.

Alhamisi alikwenda kwa kaka yake, Ngeleja, mkuu wa ukoo, kupanga mambo ya wageni. Ngeleja alikuwa amepata bei nzuri ya pamba na amenunua redio, na kwa kuwa amelipia sauti yote, aliifungua yote. Mtangazaji alikuwa akisema habari za wataalamu. Wamechunguza damu na miili ya watu wa kila bara, akasema, na wamegundua kwamba binadamu wote walio hai leo, Mzungu, Mchina, Mhindi, Mwafrika, ni wajukuu wa mwanamke mmoja aliyeishi Afrika yapata miaka laki mbili iliyopita.

Ngeleja akacheka mpaka akakohoa. "Umepata kazi, dada! Sasa uhesabu na Wachina."

Lukresia hakucheka. Alirudi nyumbani kwa miguu mizito, akaketi, akatazama konzi ya mbegu kama mtu aliyepewa chenji asiyoielewa. Kama wote wana mama mmoja, basi hakuna mistari isiyokutana. Na yeye, mara ngapi amesema mbele ya watu, "Haikutani"? Amewaozesha watu wangapi kwa neno hilo? Alikuwa akimjua Eva, naam, tangu mafundisho ya komunio. Ila Eva alikuwa wa kanisani, hakuwahi kumweka mkekani. Sasa kaletwa na redio, ana umri wake na bara lake, kaketi juu kabisa ya kila mstari. Je, watu wote ni ndugu na harusi zote ni mwiko? Au undugu mahali fulani unakwisha, na kama unakwisha, nani kasema unakwisha nyumba ya saba?

Usingizi ulimkataa. Ijumaa asubuhi alipanda lori la pamba, juu ya marobota, akaenda Bariadi.

Alikuwa akimtafuta Ndaki, mwalimu wa baiolojia wa sekondari, kijana wa kwao Sapiwi aliyepanga chumba Somanda, jirani na hospitali. Alimkuta barazani amezungukwa na madaftari, kalamu nyekundu mkononi.

"Mwadila, mayu," Ndaki akamwamkia akiinuka. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Kuna redio. Yule mama wa watu wote, ni kweli?"

Mwalimu alifurahi, maana wanafunzi wake hawakuwa wakiuliza kitu. Akasema ndivyo wataalamu wengi wanavyoona, ingawa wengine bado wanabisha. Akaeleza kwamba utafiti ulioanzisha maneno ulifanywa kwa kondo za nyuma za wanawake zaidi ya mia moja.

"Kondo?" Lukresia akashika kidevu. "Nani aliwapa? Hazikuzikwa?"

"Walizipata hospitali, mayu."

"Na ndugu zao walikuwa wapi?"

Ndaki akarudi kwenye maelezo yake. Akasema kwamba mle ndani kuna kitu kidogo sana ambacho mama humpa mtoto chote bila kugawanywa, baba hatoi, na kwa kukifuata hicho, mama kwa mama, ndipo walipofika kwa yule bibi.

"Kumbe na wao wanahesabu mama," Lukresia akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi moyo ukatulia kidogo. Haukukaa. "Basi niambie. Huyo bibi alikuwa peke yake duniani?"

"Hapana. Wanawake wengine walikuwapo wengi tu. Ila mistari yao ya mama kwa binti ilikatika njiani, wake ndio uliobaki."

"Kwa hiyo ni mama wa wote, lakini wengine pia walikuwa mama."

"Ndiyo."

"Mwalimu, unanichanganya makusudi?"

Ndaki akaapa kwamba hapana. Lukresia akavuta pumzi, akauliza lile alilolijia. "Undugu unakwisha nyumba ya ngapi?"

"Haukwishi, mayu. Unapungua." Palikuwa na bonge la ugali baridi kwenye sahani, mwalimu akalikata katikati. "Sehemu kubwa ya ulivyo, nusu ni ya mama, nusu ya baba. Kwa hiyo cha bibi ni robo." Akakata tena. "Cha mama wa bibi ni nusu ya hiyo." Akakata, akakata. Alipofika nyumba ya tano ilibaki punje ambayo kuku angeifikiria mara mbili.

"Umesema mama hutoa chote bila kugawanya. Sasa unagawanya."

"Ni vitu viwili, mayu. Kimoja hakigawanyiki, vingine vyote vinagawanyika."

Hapo hakuelewa, na aliona aibu kusema hakuelewa, akaiacha. Aliitazama ile punje. "Mtu na mtu wakikutana hapa, nyumba ya tano. Wakioana, watoto wanakuwaje?"

"Wanakuwa watoto tu. Hawana hatari zaidi kuliko wengine. Daktari hatakuuliza habari za nyumba ya tano. Atakuuliza binamu, basi."

"Na ya sita?"

"Hiyo ndiyo haina neno kabisa. Ukichukua watu wawili wowote huku kwetu, huenda ndivyo walivyo wenyewe hawajui."

Lukresia akashukuru, "Wabeja," akaondoka bila kunywa chai aliyotengewa. Njia nzima alikuwa na hasira, na hakujua aielekeze wapi. Bibi Nyanjige alikuwa kaburini. Redio ilikuwa ya Ngeleja. Kama mwalimu anasema kweli, basi alimkosa Anatoli kwa ajili ya punje ya ugali. Kama mwalimu anasema uongo, basi kesho aseme sita, na awe amefanya haki. Alijikuta akiomba mwalimu awe mwongo, kisha akamkumbuka Milembe, akaomba awe mkweli. Alipofika nyumbani alikuwa hajui tena anachokiomba.

Jumamosi watu wa Migato walifika mapema, wamevaa vizuri. Anatoli alikuwa katikati yao, mfupi kuliko alivyokuwa kichwani mwa Lukresia, mvi zimemjaa, mkono wa kushoto unamtetemeka kidogo. Wakaamkiana kama wazee wanavyoamkiana. Alimwita "mama Milembe". Naye alimwita "baba Kristofa".

Mkeka ukatandikwa. Milembe alikuwa ndani na wanawake, na mlango haukufungwa vizuri.

"Haya, dada," akasema Ngeleja. "Tuondolee wasiwasi."

Akaanza. Mbegu huku, mbegu huku. Majina yalitoka yenyewe, kama yalivyotoka miaka yote. Anatoli na mama yake, marehemu mama wa Milembe na mama yake. Ya tatu. Ya nne. Ya tano. Kila mkono ulipokwenda kwenye konzi aliona bonge la ugali linakatwa, akamwona na yule bibi wa laki mbili kakaa juu ya wote, na hakujua tena kama anahesabu undugu au anauondoa. Sasa ilibaki nyumba moja, na katika nyumba hiyo palikuwa na Ndatulu, akisubiri pande zote mbili kama alivyosubiri siku ile. Mkono ukasimama.

Watu wakasubiri. Lukresia hakuwahi kusita mkekani. Mzee mmoja wa Migato akajikohoza.

"Vipi?" Ngeleja akauliza. "Ni ya ngapi?"

"Ngoja," akasema. Akachukua mbegu mbili, akaweka moja kila upande. "Hapa kulikuwa na Nyamizi, na huku dada yake, Kabula. Hao walizaliwa na Ndatulu." Akaweka mbegu ya mwisho, ya Ndatulu, mistari ikakutana. "Saba."

Ngeleja alipumua kwa nguvu hata wageni wakacheka. Lakini mila ni mila, akawageukia. "Ninyi wa Migato mmesikia. Mna neno?"

Wote wakamtazama Anatoli. Naye alikuwa anautazama mkeka. Wazee wa siku ile walikwisha kufa, na Ngeleja miaka ile alikuwa kibarua mbali. Lukresia alijua kwamba katika watu wote walioketi pale ni Anatoli peke yake aliyeijua, kama yeye, hesabu ile, tano za siku ile, jina kwa jina, maana mtu hasahau kilichomfukuza kwao. Angesema neno moja, harusi ingekufa, na Lukresia asingeaminiwa tena na mtu hata kwa hesabu ya vifaranga.

Midomo ya Anatoli ilicheza bila sauti, kama anayesali. Akafika mwisho, akarudi, akafika tena.

"Hatuna neno," akasema. "Saba."

Vigelegele vikatoka ndani kabla hajamaliza neno. Milembe hakusubiri kuitwa. Alitoka mbio, akapiga magoti mbele ya Lukresia, akamshika miguu, akilia na kucheka. Lukresia akampapasa kichwa. Alikuwa na furaha kwa ajili yake, furaha ya kweli, na chini ya furaha hiyo palikuwa pamechimbika.

Watu walipokuwa wanakula, Anatoli alimfuata kwenye uzio wa zizi, alikokwenda kujifanya anatazama ndama.

"Huyo Nyamizi ni nani?" akauliza polepole. "Na Kabula?"

"Siwajui. Wamezaliwa leo."

Anatoli akacheka kwa pua, kisha kicheko kikakatika.

"Kumbe bibi anaweza kuongezwa," akasema.

"Anaweza."

"Na siku ile, Lukresia? Mbegu zilikuwa mkononi mwako. Nyumba mbili tu. Ungeongeza mbili tu."

Angeweza kumwambia habari za redio, na kondo, na ugali, na kwamba siku ile hakuna aliyejua. Yote yalikuwa kweli, na hakuna lililokuwa jibu. Aliutafuta moyo wake na akakuta jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Nilitaka bibi anisifu," akasema.

Anatoli alishika mti wa uzio kwa ule mkono unaotetemeka.

"Akakusifu?"

"Alinisifu. Alisema nina kichwa kizuri, jambo likiingia halitoki." Akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Na kweli, Anatoli. Halikutoka."