Mshono Unatoka Jasho

"Ongeza!" Msimamizi Oswald alimpungia mkono mwendesha pampu, na bomba likaanza kunguruma kwenye mteremko wa Kibirizi.

Fundi Barutwanayo aliweka kiganja kwenye mshono wa bomba, pale alipoliunganisha kwa kuchomelea. Ndiyo ilikuwa desturi yao: bomba likijaribiwa, aliyelichomelea hukaa na mshono wake mpaka maji yafike kwenye tangi. Wengine hukaa wakivuta sigara na kupiga soga. Yeye hakuthubutu kukiondoa kiganja.

Bomba walilikunja wenyewe kwa mabamba ya chuma. Bomba lenye mshono hupewa unene wa ziada, kwa kuwa penye mshono chuma hakihimili kama pasipo na mshono. Hilo alilijua tangu kwao Bujumbura. Lakini wakimbizi wenzake walikuwa wakifa kwa kipindupindu pale ufukweni kwa kunywa maji machafu ya ziwa, mabamba manene hayakuwapo, naye akapiga hesabu ya unene kana kwamba mshono haupo kabisa. Sasa akisema, atafukuzwa kazi, na huenda wakamrudisha Burundi kwenye vita.

Kiganja kikalowa. Mshono ulikuwa unatoka jasho.

Wanawake wakayaona matone. Wakaja mbio, wakapanga ndoo chini ya bomba palepale, kila mmoja akisukuma ya mwenzake. Wa mbele kabisa alikuwa mkewe, Concilie.

"Muve aho! Tokeni hapo!" Barutwanayo akafoka.

"Baba Lyse, mtoto anaharisha tangu asubuhi," Concilie alisema bila kuinua uso. "Maji haya yametiwa dawa. Niache nikinge."

"Acha uchoyo, fundi!" mwingine akamtania. "Bomba ni la baba yako?"

Chuma kikatetemeka. Barutwanayo akaitazama shingo ya mkewe iliyoinama chini ya mshono, akamgeukia msimamizi.

"Mzee Oswald, zima! Nimekosea! Bamba ni jembamba, litapasuka!"

Pampu ikazimwa. Oswald akaja, akaugusa mshono, akakunja uso.

"Ulijua?"

"Nilijua, mzee."

"Sasa maji tutapata lini?" Concilie akauliza.

"Mpaka mabamba mengine yaje na treni kutoka Dar," Oswald alisema. "Sijui lini."

Matone yakapungua, yakakoma. Wanawake walisubiri kidogo, kisha wakabeba ndoo zao, wakateremka. Ziwani, Concilie alisukuma povu na uchafu pembeni kwa mkono, akachota.