Bunduki Isiyoita Watu

Sikio la kushoto la Winfrida lilianza kumwangusha kwa vitu vidogo. Chai ilichemka ikamwagikia jiko zima naye yuko hatua mbili tu, hajasikia mfuniko ukirukaruka. Siku nyingine binti yake Queen alimwita mara tatu upande ule ule, mara ya nne akamzunguka akamjia upande wa kulia.

"Mama, siku hizi wewe una mlango mmoja tu."

Winfrida hakucheka. Kesho yake alipanda gari hadi Ndanda kupimwa. Tabibu alimfungia kwenye kichumba, akamvalisha spika za masikioni, akamwambia abonyeze kitufe kila akisikia filimbi. Alipotoka alionyeshwa karatasi. Mstari wa sikio la kulia ulikuwa umetulia. Wa kushoto ulikuwa umeporomoka kama barabara ya Newala inapoanza kushuka kwenda Masasi.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Naua nguruwe pori."

"Kwa fimbo?"

"Kwa bunduki, raifo. Mwaka wa kumi na moja huu."

Tabibu aliitikia kwa kichwa, kana kwamba jibu hilo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi. Alimweleza kwamba mtu anayelengea bega la kulia, sikio la kushoto ndilo linalogeukia mtutu, na ndilo linalokula kishindo. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa, lakini vizibo vya sponji peke yake havitoshi tena.

Karatasi ile ilifika ofisini kwake Newala kabla yake. Bosi wake hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa karatasi. Alimpa njia mbili: bunduki ifungwe kiwambo cha kupunguza sauti kabla mabibo ya mikorosho hayajaanza kudondoka mashambani na kuita nguruwe, au bunduki apewe afisa mwingine, na Winfrida akae mezani kujaza vibali. Fungu la kununulia kiwambo lilikuwepo. Dogo, lakini lilikuwepo.

Winfrida aliijua ile meza. Ilikuwa karibu na dirisha linalotazama choo. Hakusoma stashahada ya wanyamapori ili azeeke akitazama choo.

Masasi mjini kulikuwa na fundi silaha mwenye leseni, Mzee Gervas, aliyestaafu jeshini na kufungua karakana ndogo yenye milango miwili ya chuma. Winfrida alimkuta anakunywa uji.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Queen. Kibali cha polisi unacho?"

"Ninacho. Na pesa ninayo, ila usiitazame sana, itaona aibu."

Mzee Gervas alicheka, akatandika gunia safi mezani, akaweka viwambo vitatu kwa mstari. Vyote vilikuwa kama chupa nyembamba zilizotobolewa pande mbili.

"Huyu mfupi ni wa titani. Mwepesi, mgumu, atakuzika."

"Bei?"

Akaitaja. Winfrida alimsogeza wa titani pembeni kwa kidole kimoja, kama mtu anayeondoa mwiba wa samaki kwenye sahani.

"Huyu mrefu ni chuma cha pua. Alikuwa wa mwindaji mmoja wa kitalii, karatasi zake zote zipo. Bei ya kati. Na ndiye mpole kuliko wote. Ukitaka kimya, kimya ni hiki."

"Nishike."

Winfrida aliomba gongo la mti lenye urefu wa raifo yake. Mzee Gervas alilifungia kiwambo kirefu mbele kwa mpira, asijue mwenzake anataka kufanya nini. Winfrida akalishika kama bunduki, akainama, akaanza kunyata katikati ya rafu za karakana kama anavyonyata vichakani huko kijijini Chilangala, mahali ambapo hata mbuzi hupita kwa ubavu. Alipokata kona ya kwanza gongo liligonga rafu. Kona ya pili, kopo la skrubu lilianguka, skrubu zikatawanyika hadi mlangoni.

"Mama Queen! Karakana yangu!"

"Hiyo ndiyo kelele ya kiwambo chako kipole," alisema Winfrida, akipiga magoti kuokota. "Nguruwe angekuwa ameshafika Msumbiji. Tena mkono umeshauma. Huyu wa tatu?"

Mzee Gervas alikunja mdomo. "Huyo ni alumini. Mimi namwita sufuria. Mwepesi, rahisi, sauti anapunguza vizuri tu. Lakini piga risasi ishirini mfululizo uone atakavyoungua."

"Nani anapiga ishirini? Mimi napiga moja. Mbili nikibahatika. Tatu nikikosea, na sikosei."

"Watu hawanunui alumini kwa kazi ya serikali."

"Mzee, sufuria yangu ya wali ni ya alumini, inakaa motoni saa nzima kila siku, mwaka wa tisa huu. Hii itakaa motoni sekunde mbili kwa wiki. Nieleze itaungulia wapi."

Mzee Gervas akanywa uji. Kisha akamwambia jambo ambalo muuzaji mwingine asingemwambia. Asidanganyike na sinema. Kiwambo hakinyamazishi raifo. Risasi yenyewe ikipasua hewa hulia kama mjeledi, na hilo halina dawa. Kinachofanyika ni kutoa kishindo kutoka kiwango cha kuumiza na kukishusha hadi kiwango cha kukera. Spika za kuzuia kelele bado atavaa juu yake.

"Na wa alumini akishusha, sikio litapata nafuu ya kutosha?"

"Pamoja na spika, inatosha. Huyo mrefu angezidi kidogo tu."

"Kidogo hicho sikibebi. Funga sufuria."

Kukata hesi, ile mikato ya kuzungushia kiwambo, kwenye ncha ya mtutu kulichukua siku mbili. Siku ya tatu walikwenda uwanja wa shabaha wa polisi. Risasi ya kwanza ilipiga vidole vinne chini ya alama, maana uzito mpya ulikuwa umeubadilisha mtutu tabia. Wakarekebisha darubini hadi risasi tatu zikaingia tundu linalofunikwa na kizibo cha soda. Bunduki nayo ilikuwa imeacha kumpiga teke la begani. Winfrida alirudi Newala akiimba nyimbo za kwaya, upande mmoja wa kichwa ukisikia vizuri kuliko mwingine.

Tatizo lilianzia mahali ambapo hakuna aliyelitarajia.

Chilangala, watu walimwita Mama Nyama, kwa sababu mabwana waliomtangulia katika kazi ile waliitwa Bwana Nyama. Raifo yake ilipolia alfajiri, kijiji kizima kiliamka kikijua la kufanya. Waliokula nguruwe walitoka na mabeseni na visu, wakifuata upande wa mlio. Wasiokula waligeuka kitandani wakijua muhogo wao umelindwa.

Asubuhi ya kwanza ya kiwambo, Winfrida alikuwa mikorosheni pamoja na Erasto, askari wa wanyamapori wa kijiji, baba wa watoto watano mwenye masharubu yaliyoanza kuota mvi. Nguruwe walikuja sita. Dume kubwa lilianguka. Zamani wengine wangetimua mbio papo hapo, lakini safari hii jike moja lilisimama likageuza kichwa, likishangaa kelele imetoka wapi. Likaanguka la pili.

Walikaa wakasubiri watu. Jua likapanda. Hakuja hata mtu mmoja.

"Mama Queen," alisema Erasto, "tumepiga, au tumeota?"

"Shika miguu ya nyuma."

Waliwaburuta hadi nyumba ya karibu, wakawagawia waliokuwepo. Ikawa hivyo mara ya pili, na ya tatu. Majuma matatu, nguruwe saba, zaidi ya alivyowahi kuua kwa muda huo. Mashamba yalitulia. Na kijiji kikaanza kunung'unika.

Siku ya nne ya juma la nne aliitwa ofisi ya kijiji. Mwenyekiti, Mujibu, alikuwa ameshaandika barua ya kwenda wilayani kuomba kile kitu kiondolewe bundukini. Ilikuwa mezani, imebaki muhuri. Winfrida aliiona, na nyuma yake akaiona meza ya dirisha la choo.

Bibi Dominika, mjane mwenye shamba la korosho upande wa bondeni, hakungoja apewe nafasi.

"Sisi huku bondeni hatujala hata ukwato! Bunduki yenye kunong'ona ni ya nani kama si ya mwizi? Watu wanasema nyama inakwenda Newala mjini kwenye vibanda vya kitimoto."

"Shikamoo, Bibi Dominika," alisema Winfrida.

"Marahaba. Nyama yetu iko wapi?"

"Imeliwa na waliokuwa karibu. Majina ninayo kwenye daftari, na mikia saba iko kwenye chumvi nyumbani kwa Erasto. Nikuletee uihesabu?"

"Mikia ya nini mimi? Mkia una nyama?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti Mujibu aligonga meza.

"Mama Queen, mimi yule mnyama simli, unajua. Nyama si shauri langu. Lakini mlio ule nilikuwa nikiusikia nasema, haya, serikali iko macho, nikalala tena. Majuma matatu kimya. Wengine wanasema hufiki kabisa, posho unaila ukiwa nyumbani."

"Mwenyekiti, muhogo wako umeliwa majuma haya matatu?"

Mujibu alifikiri. "Haujaliwa."

"Wako, Bibi?"

"Haujaliwa," alisema Dominika kwa shingo upande. "Lakini sijasikia."

Hapo Winfrida akaelewa. Hakuna mtu chumbani mle aliyekuwa akigombana na kiwambo. Alisimama, akaweka karatasi ya Ndanda juu ya barua ya mwenyekiti, akaonyesha ule mstari unaoporomoka.

"Hili ni sikio langu. Mmelisikiliza kwa miaka kumi na moja. Kila mlipoamka mkafurahi, hapa palikuwa panakatika kipande. Sikio langu si kengele ya kijiji. Mnataka kelele ya bunduki, au mnataka habari?"

Mujibu aliiinamia karatasi, akaufuata ule mstari kwa kidole.

"Habari," alisema Mujibu.

"Basi tutafute cha kuzipigia."

"Tuunde kundi kwenye simu," alisema mtu wa nyuma.

"Simu yangu ina tochi tu," alisema Dominika. "Mwenyekiti anayo ngoma ya kuitia watu wa jando. Inasikika hadi kijiji cha pili."

Mujibu aliruka kitini. "Ngoma ya jando itangaze nguruwe? Bibi, unataka nifukuzwe msikitini na nyumbani siku moja?"

"Basi kile chuma kinachogongwa kanisani."

"Cha kanisani nacho," alisema Erasto, "wenzetu watajuaje kama ni nguruwe au ni ibada?"

Wakabishana, wakataniana, mmoja akatoka kutema mate akarudi kubishana. Mwishowe Hamudi, mlinzi wa ghala la korosho, aliuliza kwa nini lile rimu la lori linaloning'inia ghalani, wanalopiga salfa ya kupulizia mikorosho ikifika, haliwezi kupigwa pia nguruwe akiangushwa. Ghala ni la wote, wanaokula na wasiokula. Erasto amwite kwa simu kutoka shambani. Yeye atapiga mara tatu kwa upande wa bondeni, mara tano kwa upande wa juu. Nyama itagawiwa pale pale chini ya mkorosho, mbele ya watu.

"Na siku Mama Queen akienda asipate kitu?" aliuliza Mujibu. "Nitajuaje kama alikuja?"

"Hamudi atapiga mara moja," alisema Winfrida. "Nimekuja, nimekosa. Kama kusaini."

Mujibu aliichukua barua yake kutoka chini ya karatasi ya Ndanda, akaikunja mara mbili, akaisogeza chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Meza ikatulia.

Jumamosi alfajiri, bondeni, Winfrida alivaa spika zake, akangoja. Nguruwe walikuja watatu. Sauti iliyotoka ilikuwa kama ufito mkavu ukivunjwa gotini. Dume likalala. Erasto akapiga simu kwa Hamudi, akairudisha mfukoni.

Winfrida alivua spika. Alikaa juu ya tuta la muhogo ambalo halijafukuliwa, raifo mapajani, kiwambo kikiwa na joto la kikombe cha chai. Akaliziba sikio la kulia kwa kiganja, akageuza la kushoto upande wa ghala.

"Unafanya nini?" Erasto aliuliza.

Winfrida aliona mdomo wake tu ukitikisika. Akamnyamazisha kwa kidole.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha, mbali, nyembamba kama kijiko kikigonga bilauri nyumba ya tatu: moja. Akasubiri. Mbili. Tatu.

Akaondoa kiganja, na dunia nzima ikarudi kwa mkupuo: jogoo, majani, Erasto anayelalamika kuhusu umande. Na juu ya yote sauti ya Bibi Dominika, bado yuko mbali njiani, akimwambia mtu kwamba safari hii ini ni lake, na atakayeligusa atamjua yeye ni nani.

"Umesikia?" Erasto aliuliza.

"Yote matatu," alisema Winfrida. "Toa kisu, wanakuja."