Mtumwa Wangu, Nipe Maji

Mimi Mwanaheri, Mama Shakila wa Mkunya, mdomo wangu unajulikana mpaka Newala mjini. Kwenye msiba wa Mmakua mimi ndiye wa kwanza kuitwa, maana sisi Wamakonde ni watani wao, na kazi ya mtani ni kuwachekesha wafiwa hata kama hawataki. Nimewahi kujilaza kwenye mkeka wa marehemu, nikakataa kuinuka mpaka nipewe jogoo, na mjane akacheka huku machozi yanamtoka. Nilikuwa najivunia hayo. Sasa hivi msiba ukitokea najifanya mgonjwa, nabaki ndani.

Hebu niseme yote, maana watu wanasimulia nusu.

Selestina alifika kwetu mwezi wa sita, mwaka ule watu wa ng'ambo ya Ruvuma walipokuwa wanapanda huku juu kukimbia vita. Nilikuwa uani nageuza makopa yangu ya muhogo juani. Nikamwona mwanamke amesimama pembeni ya mkeka, miguu imepasuka, kajifunga kanga moja, mkononi ana ndoo tupu. Midomo imemkauka mpaka ina damu.

"Mama, wewe kabila gani?" akaniuliza.

Nikashangaa. "Mmakonde. Kwani vipi?"

Akanyoosha mgongo. Wallahi, mwanamke aliyekuwa anakaribia kuanguka akanyoosha mgongo, akashika kiuno. "Kumbe! Basi mtumwa wangu, unanitazama nini? Nipe maji."

Nilicheka mpaka makopa yakanidondoka. "Ala! Mmakua umetoka kukimbia risasi na jeuri umebeba?"

"Vyungu ndo nimeacha. Jeuri haina uzito."

Nikampa maji. Akanywa vikombe vitatu, cha nne akanawa uso, halafu akakaa chini akalia. Sikumuuliza kitu. Nilimpa chumba cha binti yangu Shakila, ambaye ameolewa Masasi, na jioni Baba Shakila aliporudi shambani nikamwambia tumepata mgeni. Akasema karibu, basi. Yeye si mtu wa maneno mengi.

Kesho yake Selestina akatuambia habari zake. Kijiji chao kilipochomwa alikimbilia upande mmoja, binti yake Helena akakimbilia mwingine na majirani. Helena ana miaka kumi na tisa. Hajui kama yu hai, ila watu wamemwona njiani. Akaomba simu ya Baba Shakila, akapiga kwa kila aliyemjua, na wasafiri aliokutana nao sokoni Newala akawapa maneno yale yale: mwambieni Helena niko Mkunya, kwa Mama Shakila.

"Nikikaa hapa atanipata," aliniambia. "Nikihama hapa, Mwanaheri, ndo nimempoteza."

Hayo maneno niliyasikia kwa masikio yangu mawili. Asije mtu akasema sikujua.

Mwanzo tuliishi vizuri mno. Asubuhi nikimwita "Mmakua mvivu, jua limeshakufikia kitandani," ananijibu, "Mmakonde mla panya, niletee uji." Majirani walikuwa wanakuja kukaa kwetu wasikilize tu. Hata pale kwenye foleni ya maji walitupisha mbele ili tutukanane karibu yao. Nilimpenda yule mwanamke, na sisemi hivyo kujitetea.

Halafu kiangazi kikakaza. Ninyi mnaofungua bomba nyumbani hamjui maji ya huku juu ni nini. Unaamka alfajiri kupanga ndoo, unaondoka saa nne na ndoo mbili. Na Selestina alikuwa anafua kila siku. Kanga zake mbili nilizompa mimi mwenyewe, kila siku anazifua, anaoga, anachana nywele, anakaa mlangoni. "Helena asinikute mchafu," anasema. Nami namwangalia, nahesabu ndoo. Ni kweli foleni tulikwenda wote, na siku nyingi alikwenda peke yake. Lakini roho ikishaanza kununa haiangalii hayo.

Halafu kuna ile siku ya kisamvu. Alipika kisamvu cha korosho, Baba Shakila akala, akalamba vidole, akasema, "Mboga tamu hii." Jamani! Miaka thelathini na moja nampikia yule mzee, na siku hiyo ndiyo akajua kusema. Nikanyamaza. Nilivyo mimi, nikinyamaza ujue kuna jambo.

Mwezi wa kumi, korosho zimeanza kudondoka, mtendaji mpya wa kijiji akaitisha mkutano pale ofisini. Kijana wa kanda ya ziwa, mpole, ana miezi miwili tu kwetu. Akatueleza: kila mgeni wa ng'ambo awe na mwenyeji. Mwenyeji asimame mbele ya watu aseme namfahamu, anakaa kwangu. Asiye na mwenyeji, gari litakuja Jumamosi, atarudishwa mtoni. Mwenye marekebisho afike ofisini kabla ya Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi.

Wakaitwa mmoja mmoja. Ikafika zamu ya Selestina, akasimama na kanga yake safi. Mtendaji akauliza, "Mwenyeji wa huyu mama nani?"

Watu wote wakanigeukia mimi. Wengine walishaanza kucheka hata sijafungua mdomo. Nikasimama, nikashika kiuno.

"Mimi huyo simjui! Kaniibia kuku wangu, kala na miguu! Mrudisheni mtoni akatapike!"

Lo, kicheko! Watu walijipiga mapaja. Selestina naye alicheka, akanyoosha kidole akasema kuku wa Mmakonde ana ladha ya panya, watu wakazidi. Nilikaa nimejaa sifa.

Ila mtendaji hakucheka. Aliinama akaandika. Niliiona kalamu ikitembea. Akasema, "Anayefuata," na Selestina akakaa chini.

Pale ndipo nilipotakiwa kusimama tena. Maneno matatu tu: ni utani, baba. Mwenyekiti wetu, mzee Abdulkadiri, angeyasema yeye, lakini alikuwa ameugua yuko Newala, na Baba Shakila alikuwa shambani kuokota korosho. Waliobaki walijua nitayasema mwenyewe. Nilijiambia kelele zimezidi, nitamfuata baadaye. Msije mkamlaumu yule kijana. Aliuliza, nikajibu, akaandika nilichojibu.

Jioni Selestina ananiambia huku anapepeta unga, "Leo umeniua, mtumwa wangu. Kesho twende ukaniandikishe."

"Kesho," nikamwambia.

Kesho yake Ijumaa akaniuliza tena. Nikasema naenda Masasi, Shakila ananihitaji. Shakila hakuniita. Nilichukua kanga yangu nikapanda basi, na njia nzima moyoni nilikuwa nasema hivi: acha akae siku mbili na wasiwasi, ajue mwenye nyumba nani. Nikirudi Jumamosi jioni nitaenda ofisini, watacheka, yataisha. Gari la serikali lini limewahi kuja siku iliyotajwa?

Jumamosi lilikuja saa tatu asubuhi.

Mimi nilikuwa Masasi, nimempakata mjukuu kibarazani, milima ile ya mawe iko mbele yangu. Simu ikalia. Nikaona ni Baba Shakila. Nikasema huyo anataka kuuliza chumvi iko wapi, nikaacha ilie. Ikalia tena. Ikalia mara ya tatu, mpaka Shakila akasema, "Mama, baba huyo." Nikamwambia mtoto ndo kwanza anasinzia. Adhuhuri nilipompigia, alisema neno moja.

"Wamemchukua."

Alikuwa amekimbia kutoka shambani na panga mkononi. Akamwambia mtendaji ule ulikuwa utani, yule mama anakaa kwetu. Mtendaji akamjibu kwa heshima, "Mzee wangu, mkeo alisema mbele ya kijiji kizima hamjui, tena ni mwizi. Aje mwenyewe akanushe, au nipe simu niongee naye." Wakapiga. Wakasubiri. Wakapiga tena. Wale wa gari wakasema wana vijiji vingine vya kupita.

Nikamuuliza, Selestina alisemaje?

"Alikuwa anacheka," akasema. "Alikaa nyuma ya gari anatazama barabara, anawaambia wenzake, huyo Mmakonde wangu yuko karibu, anataka nimbembeleze tu. Aliacha kucheka gari lilipoondoka."

Astaghafirullahi. Nililia pale kibarazani mpaka Shakila akadhani kuna aliyekufa.

Jumapili niliteremka mpaka mtoni. Pale wanapovukia nikauliza kila mtu, nikamwelezea sura yake, kanga yake. Mwenye mtumbwi mmoja akasema mwanamke wa namna hiyo alivuka jana, na ng'ambo wakaambiwa waendelee kutembea. Kwenda wapi? Hajui. Tulipiga zile namba zote alizokuwa anapiga yeye. Zile chache zilizopatikana, waliopokea walikuwa hawajui chochote. Nikawapa maneno, wamwambie arudi, mwenyeji wake ni mimi. Sijui kama yamefika.

Nilitakiwa pia kwenda ofisini nikanushe. Sikwenda. Nilisema ameshaondoka, nikanushe ili iweje? Kweli ni kwamba niliona aibu.

Mwezi wa kumi na mbili, mchana, nipo uani nimekaa kwenye kigoda. Bodaboda ikasimama barabarani, akashuka msichana mrefu, mwembamba, ana mfuko wa plastiki. Akauliza kitu kwa jirani, jirani akaonyesha kwangu kisha akageuka haraka akaingia ndani kwake. Msichana akaja mpaka mbele yangu. Alikuwa anatabasamu kwa uoga, kama mtoto aliyefundishwa kitu cha kusema shuleni. Akashika kiuno.

"Mtumwa wa mama yangu," akasema, "unanitazama nini? Nipe maji."

Mdomo wangu, huu unaojulikana mpaka Newala, ukakosa neno.

Tabasamu likamtoka. "Samahani. Hapa si kwa Mama Shakila? Mama aliwaagiza wasafiri waniambie nikifika nikutukane kwanza. Alisema ukitukanwa hivyo utajua mimi nani, na utacheka."

"Ni hapa," nikasema. "Wewe Helena."

"Mama yuko wapi?"

Nikamletea maji. Akanywa huku anatazama mlango wa ndani, anasubiri mtu atoke. Nilitaka kusema pumzika kwanza, nitakwambia kesho. Neno lenyewe lilishafika kwenye ulimi. Ile kesho yangu, nikaiogopa. Nikamshika mkono nikamwambia, "Twende ofisini. Huko utayasikia yote, na utaniangalia mimi wakati unayasikia."

Barazani pale ofisini walikuwepo watu wanasubiri mihuri. Waliponiona naingia na mgeni, wakajiweka sawa, wanangoja vituko. Mtendaji akafungua daftari.

"Unamfahamu huyu?"

"Namfahamu. Anaitwa Helena. Mimi ndiye mwenyeji wake, anakaa kwangu."

"Umemfahamu tangu lini?"

"Tangu leo. Amekuja akanitukana."

Watu wakaangua kicheko. Nikageuka nikawafokea, "Msicheke! Nani kawaambia mcheke?" Kila mtu akatazama miguu yake.

Mtendaji akamuuliza Helena jina la mama yake, akafunua kurasa za nyuma, akaweka kidole. "Jina la mama, Selestina. Huyu ndiye binti wa yule aliyekuibia kuku?"

Helena akanigeukia.

"Hakuniibia," nikasema. "Sikuwa hata na kuku wakati ule. Nilitania. Halafu nikakuona unaandika, nikaacha uandike, kwa sababu nilikuwa nimemchoka. Nilimwonea choyo cha maji. Nikapanda basi nikaenda zangu Masasi, akachukuliwa, na simu ikilia nikaiacha. Andika hivyo."

Kijana yule alinitazama, kalamu iko hewani. Safari hii ndiyo nilitaka aandike, na hakuandika. Alikata lile neno la wizi kwa mstari mmoja, akaandika jina langu kwenye nafasi ya mwenyeji wa Helena, akagonga muhuri. Helena alisimama ameshika ule mfuko wake kwa mikono miwili.

Nilidhani ataondoka. Aende wapi? Mama yake hana anwani nyingine ya kumtafutia isipokuwa hii. Analala chumba kile kile cha Shakila, na ile kanga mama yake aliyoiacha kwenye kamba ameikunja, ameiweka chini ya mto. Jioni anakaa pale pale mlangoni, anatazama njia.

Kila asubuhi ananijia, anapiga goti, anainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Halafu anachukua fagio. Majirani wananisifia, mtoto gani ana adabu hivyo. Hata Baba Shakila siku moja alisema hivyo, kisha akanitazama akaondoka. Toka siku ile ya ofisini Helena hajanitukana hata mara moja, na sijawahi kusikia heshima inauma hivi.

Juzi nilijaribu. Nilisimama mlangoni kwake asubuhi, nikashika kiuno, nikapaza sauti, "Wewe Mmakua mvivu! Jua limeshakufikia kitandani!"

Akatoka anafunga kanga. "Samahani, mama," akasema, akachukua ndoo mbili, akaenda kupanga foleni.