Bafu Sebuleni

Maji yalipoanza kurudi, Mariana aliangusha ndoo.

Walikuwa wakijaribu bomba la bafu jipya, kwenye chumba kilichopakana na wanapolala. Tangu kiharusi kimpoozeshe mumewe Urbani upande mmoja, kumfikisha kwenye bafu la uani kulikuwa mateso. Masika hii walianguka wote wawili kwenye tope, mvua ikawanyeshea mpaka jirani aliposikia kelele. Ndipo Mariana akaapa kwamba bafu litaingia ndani.

"Fundi, vipi tena?"

Ladislaus alipiga magoti, akachungulia mtaro. "Mama, karo la maji machafu liko nyuma, na ardhi huko inapanda. Nimechimba nimekuta mwamba. Nilidhani mteremko huu mdogo ungetosha."

"Basi tupandishe sakafu."

"Itabidi kuweka ngazi. Mzee atazipandaje?"

Mariana alizunguka nyumba nzima, kanga ikiburuzika. Nyuma mwamba. Pembeni kisima cha majirani, huwezi kuchimba karo hapo. Alisimama barazani, akatazama mibuni iliyoshuka hadi bondeni.

"Na huku mbele?"

"Huku kunateremka vizuri. Tukichimba karo jipya chini ya mibuni, bomba litanyooka bila kona. Ila sebule itabidi tuikate, bafu likae humo."

Urbani aliyasikia yote kutoka kitandani. "Sebuleni kwangu?" Maneno yalimtoka kwa shida. "Wanajumuiya wakija kusali, wakae chooni?"

"Watasali hapa chumbani, ulipo wewe."

"Bora nife, Mariana."

Mariana alikaa ukingoni mwa kitanda. Hakuwahi kulia mbele ya mumewe kwa ajili ya ugonjwa ule. Sasa akalia kwa sauti, bila kujifunika uso. "Siwezi kukubeba tena, baba Siwema. Nikianguka tena siinuki."

Urbani aligeukia ukutani. Mariana akangoja, kisha akatoka, akaanza kuburuta makochi nje mwenyewe.

Bomba lililazwa upya. Safari hii maji yalishuka moja kwa moja, na Ladislaus akashusha pumzi.

Siku ya kwanza kuogeshwa humo, Urbani alifumba macho. Kupitia ukuta mpya alisikia wageni wakiongea barazani, akakaza taya. Mariana alimsugua mgongo polepole, kisha akammwagia maji.

"Ya moto sana," hatimaye Urbani alisema.

"Ngoja niyapoze," Mariana akajibu.