Homa ya Dozi ya Nne

Mwezi wa tatu mwaka wa 1994 daktari aliikwangua kansa iliyokuwa kwenye kibofu cha Jackton. Ili isirudi, alisema, kila Jumanne kwa majuma sita Jackton angemiminiwa kibofuni, kwa mrija, ile chanjo ya kifua kikuu wanayodungwa watoto wachanga. Kisha alale saa mbili pale hospitalini bila kukojoa, akijigeuza kila robo saa.

Mkewe, Apondi, ndiye aliyeshika saa.

"Geuka, Baba Tobias. Upande huo umeiva."

"Mimi chapati?"

"Chapati hainung'uniki. Geuka."

Baada ya dozi ya tatu homa ilimshika. Huko nyumbani Makadara alitetemeka hadi kitanda kikalia. Muthoki, jirani wa mlango wa pili, alichungulia akashika kiuno.

"Mama Tobias, wamemtia TB mzee wako, na wewe unaangalia tu?"

Apondi hakuwa mtu wa kuangalia tu. Miaka kumi na minane alikuwa ameendesha stoo ya ofisi ya serikali, na hakuna kitu kilichomkera kama tatizo lililokaa bila kushughulikiwa. Kabatini kulikuwa na vidonge vya TB vilivyobaki kaka yake, Phares, alipopona. Hakuuliza mtu. Kuanzia Ijumaa alimpa Jackton kila asubuhi.

"Ni vya nini?"

"Vya homa. Meza, usinihoji."

Homa ikaisha kabisa. Apondi akatembea ploti nzima, mlango kwa mlango, kifua mbele.

Jumanne ya nne Jackton alitoka msalani hospitalini na kikopo cha mkojo, akakiweka mbele ya muuguzi, Sista Lydiah. Mkojo ulikuwa mwekundu wa kuelekea chungwa.

"Mzee, rangi hii imeanza lini?"

"Ijumaa." Jackton hakumtazama mkewe. "Sikutaka kumtia hofu."

"Inaweza kuwa damu. Itabidi daktari aingize kamera tena aone kama uvimbe umerudi."

Jackton alikaa kwenye benchi polepole, mikono katikati ya magoti. Mtu huyu aliyeendesha magari ya mizigo ya reli miaka thelathini sasa alionekana mdogo ndani ya koti lake. Siku nne alikuwa amebeba jambo hilo peke yake, huku Apondi akijisifu kwa majirani.

Naye Apondi aliijua rangi ile. Ndiyo iliyotia doa vitambaa vya jasho vya Phares alipokuwa akimeza vidonge vile. Angeweza kunyamaza, vidonge vilikuwa vimekwisha na rangi ingepotea yenyewe.

"Si damu," alisema. "Ni dawa ya TB. Nimempa mimi."

Sista Lydiah aliiweka kalamu chini. "Mama, nani alikutuma?"

"Hakuna. Nilijituma."

"Sasa nisikilize. Vijidudu vya chanjo ni hai, ila vimedhoofishwa. Seli za kinga zina vipokezi juu yake. Kipokezi kikimgusa kijidudu, seli inaamka na kumwaga kemikali. Kemikali hiyo nayo ina vipokezi vyake kwenye seli nyingine, nazo zinakuja mbio. Zikishajaa kibofuni, zinashambulia hata masalio ya kansa. Ile homa ndiyo kelele ya kazi hiyo. Wewe ukaua vijidudu, ukazima mwito."

"Basi nimeharibu," Apondi alisema. "Itengenezwe vipi?"

Daktari aliitwa. Alimkaripia Apondi kwa dakika nzima, naye akapokea bila kujitetea. Kisha daktari akaamua: majuma mawili bila chochote, halafu dozi ya nne, na moja ya ziada mwishoni. Kamera haikuhitajika.

Walipotoka, Jackton alisimama ghafla getini, akaanza kucheka hadi machozi.

"Apondi! Nilikuwa nimeshachagua nyimbo za mazishi yangu!"

"Zipi?"

"Sikwambii. Utazibadilisha."

Baada ya majuma mawili alipewa dozi ya nne. Jioni hiyo Apondi alikuwa akisonga ugali aliposikia meno yanagongana chumbani. Aliepua sufuria, akaingia, akamgusa shingo. Ilikuwa ya moto.

"Zile seli zimefika?" Jackton aliuliza, akijikunyata.

"Zimefika." Alivuta blanketi la pili, akamfunika mpaka kidevuni, akakaa kando yake. "Ziache zifanye kazi."

"Na ugali?"

"Unakula ukitetemeka. Nitakushikia bakuli."