Kutu ya Karai la Dada

Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani zaidi.

Mimi ni fundi wa maabara. Miaka kumi na tisa nawasha tanuri la watu wenye shahada. Mkuu wetu, Daktari, alikuwa akihangaika kuotesha mirija ya kaboni kutokana na mafuta taka. Ni vijibomba vyembamba mno, unywele wa kichwa mbele yavyo ni gogo. Kila akichoma mafuta anapata masizi. Masizi matupu! Mimi ndiye niliyempelekea mafuta ya dada yangu, anayekaanga viazi kwa karai la chuma alilorithi kwa mama, lililoshika kutu hadi masikioni. Tulipoyachoma, hadubini ikatuonyesha mirija imesongamana hadi haihesabiki. Daktari aliruka kama mtoto.

"Ni ile kutu, Daktari," nikamwambia. "Chembe za chuma ndizo zinazoishika kaboni ikaota."

"Kutu ya karai, fundi? Tuandike hivyo tuchekwe?" Akaanza kucheka yeye mwenyewe. Lakini aliniahidi kitu: jaribio likifaulu mbele ya wafadhili, jina langu litaingia kwenye andiko, na kwa andiko hilo chuo kitanipokea nisomee shahada. Nina miaka arobaini na mitatu. Nafasi nyingine kama hiyo siioni.

Siku ya wageni hao nikapitia kwa dada asubuhi. Akanikabidhi dumu, uso umemchanua. Sikulifungua, nilikuwa mbiombio. Kufika maabara, namimina, Mungu wangu! Mafuta yanang'aa, hayana hata punje ya uchafu. Nikampigia simu palepale.

"Nimenunua karai jipya," akasema kwa furaha. "Wageni wakubwa wale, mdogo wangu, nikuaibishe? Hayo nimekaangia mara moja tu, tena nikayachuja kwa kitambaa."

"Na lile la zamani?"

"Alilichukua mtu wa vyuma chakavu jana."

Nikamfuata Daktari kwenye korido, nikamsihi aahirishe kidogo, hata nusu saa, nitafute kutu mahali popote tuichanganye.

"Wageni wameshakaa, wewe unataka kwenda kukwangua kutu?" akaninong'oneza kwa ukali. "Mafuta ni mafuta. Tena haya masafi ndiyo yatatupa sifa. Washa tanuri."

Nikawasha. Saa mbili nzima linaunguruma, wageni wanatazama saa zao. Tulipotoa kichombo cha mafuta tanurini, ndani mlikuwa na masizi. Mgeni mmoja akagusa kwa kidole, akajifuta kwa leso. Daktari hakupepesa macho.

"Mtuwie radhi," akasema. "Fundi wetu amebadilisha mafuta bila kuniarifu."

Na mimi, na mdomo wangu wote huu, nikanyamaza. Jina langu likafutwa siku ileile.

Jioni nikaenda kwa dada nikiwa nimefura. Nikammwagia yote: kutu, masizi, andiko, shahada. Nilipaza sauti mpaka wateja wakageuka. Yeye alinisikiliza tu, mwiko mkononi, viazi vinaungua.

"Mwaka mzima unachukua mafuta hapa," akasema nilipoishiwa pumzi. "Kila nikikuuliza ya nini, unaniambia ni mambo ya maabara. Kumbe ni kutu? Kutu si naijua mimi? Nimeikwangua kwenye karai lile miaka ishirini. Ungeniambia neno moja tu, ningekuwekea debe zima."

"Dada, mimi..."

"Ulidhani sitaelewa."

Nilitaka kumwambia sivyo. Nilishindwa, maana ndivyo nilivyodhani.