Watu Kumi Wazima

Kiwanda cha nguo kule Athi River kilipofungwa mwaka wa 2005, dadangu Mwelu alirudisha vitu viwili pale getini: aproni na kadi ya hospitali. Aproni haikumuuma. Kadi ndiyo iliyomuuma. Alifika nyumbani Kitengela, akakalia mtungi wa maji uliopinduliwa, akaniambia, "Mwana wa mama, sasa kifua kikinibana ni mimi na Mungu."

Mwelu ako na pumu. Alianza nayo akiwa msichana, halafu vumbi la Kitengela na ule unga wa simiti unaoletwa na upepo vikaongezea. Mara mbili tatu kwa mwaka kifua kilikuwa kinafunga kabisa, analazwa, anawekewa oksijeni. Kadi ya kiwanda ndiyo ilikuwa inalipa. Bila kadi, ile hospitali ya misheni ya njia ya Kajiado inataka pesa kwanza ndio upate kitanda. Ya serikali tulikuwa tunaijua. Ilikuwa inasaidia upande wa kitanda, na shida ya Mwelu haikuwa kitanda, ilikuwa oksijeni.

Mimi nilikuwa nimerudi kwake mwaka huo kutoka Kimana, nilikokuwa nikivuna vitunguu vya watu. Kabla ya hapo nilikuwa machimbo ya mawe Kiserian, na kabla ya Kiserian ni hadithi ndefu. Sikuwa na mke wala boma. Kila nilipochoka na barabara ni Mwelu alikuwa ananifungulia mlango, na hakuwahi kuniuliza nitakaa siku ngapi. Basi nikasema kumtafutia bima ni kazi yangu.

Nilizunguka ofisi nne Nairobi. Kila fomu ilikuwa na lile swali: kuna ugonjwa wowote alionao tangu zamani? Mwelu alikuwa amenikataza kudanganya, nikaandika pumu. Ofisi ya kwanza walinirudishia fomu hata kabla wino haujakauka. Ya pili walikubali, lakini wakaandika chini kwamba chochote cha kifua hawatalipa. Hiyo ni kumkodishia mtu punda halafu unamwambia asimbebeshe maji. Ya tatu walinitajia bei, nikawauliza kama wanauza bima ama shamba. Ya nne msichana aliniambia kwa upole, "Mzee, arudi akipona."

"Akipona atarudia nini, mama?"

Akacheka kidogo, akaita aliye nyuma yangu.

Aliyenifungua macho ni Wathome, ajenti wa bima anayeishi hapa Kitengela, mtu mzuri tu wa shati jeupe na viatu vya vumbi. Tulikutana kwa buchari ya Ezra.

"Mzee Masila, huyo dada akienda peke yake hataingia," akasema. "Lakini mkiwa kikundi, watu kumi, kampuni inawachukua kwa jumla. Hakuna mtu anaulizwa kifua. Mmoja anapotelea ndani ya wenzake."

"Kumi wa aina gani?"

"Wazima. Wazima ndio wanambeba mgonjwa. Bima ni hiyo tu."

Nikaondoka hapo nikiwa na miguu ya kijana. Watu kumi! Mimi, ambaye nimelala kwa boma za watu kuanzia Namanga mpaka Magadi, nitakosa watu kumi?

Nilianza na Parmuat, mwenye ng'ombe wengi upande wa mbuga.

"Sopa, Masila," akanisalimia kwa Kimaasai.

"Epa," nikaitikia.

Alinisikiza mpaka mwisho, akatema mate kando. "Ng'ombe wangu anakula nyasi, mzima, amenona. Wewe unataka ninunue kamba ya kuburuta mzoga wake?"

Tabitha, muuza mitumba, alinifukuza mbele ya wateja. "Ushindwe! Niandike jina langu kwa kitabu cha wagonjwa? Huko ni kujitabiria, Masila. Mimi nimefunikwa na damu ya Yesu."

"Hiyo damu inalipa oksijeni?"

"Toka kwa sitendi yangu kabla sijakupiga na hii koti!"

Siku kumi na nne nilitembea, Kiserian, Nkoroi, nikarudi. Wazima wote walinicheka. Kulipia ugonjwa usio nao ni kuuita uje. Nilikuwa naelewa maneno yao, maana hata mimi, isingekuwa Mwelu, ningecheka.

Halafu wakaanza kuja wenyewe, mmoja mmoja. Wa kwanza ni Katoo, yule anayepakia fahali kwa lori siku ya soko, shingo yake kama ya fahali wenyewe. Alinikuta kisimani. "Niandike," akasema. "Nimefikiria tu." Akaja Soipan anayeuza maziwa. Akaja Ezra wa buchari. Wanne wakatoka Kiserian na Nkoroi, watu wa machimbo na walinzi wa mageti. Mwisho akaja Tabitha, kwa mlango wa nyuma, amejitanda leso mpaka kwa paji la uso.

"Niandike. Lakini pasta asijue."

"Na kujitabiria?"

"Masila, andika."

Wakawa wanane, na mimi na Mwelu, kumi. Nilifurahi, lakini pia nilijiona mwizi. Nilikuwa nimekusanya watu wanane wenye nguvu zao wambebe dadangu mgongoni, na hakuna hata mmoja niliyemwambia. Mwelu alitaka niseme. "Waambie ukweli, wachague," akasema. Nikamwambia tutawaambia kadi zikitoka.

Wathome alirudi akiwa ameinamisha macho. Kikundi kikiwa kipya hivi, kampuni inatuma nesi apime watu kidogo. Kidogo tu, pressure na sukari, na maswali mawili matatu. Tukakubaliana Jumamosi asubuhi, kile chumba cha nyuma ya buchari.

Nesi alikuwa msichana mchangamfu, tatizo lake ni sauti. Hakukuwa na pazia. Katoo ndiye aliyeketi kwanza, kwa vile tulitaka nesi aanze na mtu mwenye nguvu. Nesi akamfunga ile mashine ya pressure mkononi, akapuliza, akaangalia, akapuliza tena.

"Baba, umetoka kukimbia?"

"Hapana."

"Pumzika kidogo." Tukangoja. Akapima mara ya tatu. "Hii iko juu sana. Kuna dawa unatumia?"

Katoo aliangalia mlango, halafu akaangalia sisi. Akaingiza mkono kwa soksi akatoa karatasi ya vidonge, imekunjwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa.

Soipan akafuata, sukari ikatokea ya kuogopesha, na ilionekana wazi hakuwa anaisikia mara ya kwanza. Mtu wa machimbo aliulizwa kuhusu kukohoa, akaanza kukohoa. Ezra alisema anaenda kuangalia nyama kidogo. Hakurudi, na mpaka leo sijamwuliza.

Tabitha alikuwa anamtazama Katoo tu. Kisha akaachilia kicheko. "Wewe Katoo! Na vile unasukuma fahali mbele ya wasichana!"

"Na wewe mama wa damu ya Yesu, umekuja kufanya nini hapa?"

"Nilikuja kujificha nyuma yako!"

"Na mimi nilikuja kujificha nyuma yako wewe! Hiyo sauti yote, nilijua hapa kuna mtu mzima."

Tulicheka. Tulicheka mpaka nesi akaweka kalamu chini. Mwelu alicheka akashika kifua, akatoa pampu yake ya dawa akavuta mbele ya kila mtu, na hakuna aliyeshangaa. Halafu kicheko kikaisha. Kila mtu alikuwa amejificha nyuma ya mwenzake, na mbele hakukuwa na mtu.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Kikundi kimekataliwa. Kati ya watu waliopimwa, kampuni iko tayari kumchukua mmoja, peke yake, kwa bei ya kawaida: Masila Maundu, miaka hamsini na tisa, hana ugonjwa wowote.

Huo mwili wangu niliuzoea kama viatu, sikuwahi kuufikiria. Siku hiyo niliuonea haya.

Hayo hayakuishia kwa barua. Maneno ya chumba yalitoka nje. Wenye malori walisikia moyo wa Katoo unasumbua, wakaanza kuwapa vijana wengine fahali zao. "Tusije tukabebeshwa maiti," mmoja alisema, akidhani ni mzaha. Siku za soko Katoo alikaa kwa ukuta mikono kwa magoti. Nikipita alikuwa anaangalia upande ule mwingine.

Wathome aliniambia nisikatae. "Ingia wewe. Ukimaliza mwaka unaweza kuomba wakuongezee mtu. Dada huwa hawapendi, wanapenda bibi na watoto, lakini tutajaribu." Mwelu aliuza kabati ya vyombo tukalipa. Nilimwambia hii ni wazimu, mzima kulipiwa na mgonjwa. Akasema, "Lipa, Masila. Kuna mlango mwingine?"

Mwezi wa nane wa ile bima, Februari, upepo ulivuma siku tatu bila kupumzika. Asubuhi ya nne midomo ya Mwelu ilikuwa na rangi ya majivu. Ezra alitupeleka na pikapu ya nyama. Kule hospitali ya misheni nilimweka kwa benchi, nikaenda dirishani.

"Cash ama bima?"

Nikatoa kadi. Karani akaiangalia, akaangalia uso wangu, picha na uso vikakubaliana.

"Mgonjwa ni wewe, mzee?"

Nyuma yangu nilimsikia Mwelu akivuta pumzi, ile sauti nyembamba kama mlango wa bati. Sijui nilingoja nini. Nafikiri nilikuwa natafuta mahali kwa mwili wangu panapouma.

"Ni yule pale," nikasema. "Dadangu. Bado miezi minne tu aingie."

"Yule hayuko kwa kadi."

"Najua."

"Tutampa mvuke wa dawa kidogo sasa hivi, atulie. Kumlaza ni mpaka deposit." Alisema kwa upole, akanirudishia kadi kwa mikono miwili vile watoto wanafunzwa. "Sogea kidogo tu, mzee, nihudumie wa nyuma."

Nikasogea. Mwelu alikuwa ameona yote. Alijivuta kando kwa benchi, akanipa nafasi niketi, kana kwamba ni mimi niliyechoka.